Mshikio wa Shaba

Mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuweza kumwona mtu amefumuka pindo la nguo akanyamaza. Angemsimamisha hata mbele ya duka, achomoe sindano iliyokaa daima kwenye ukosi wa gauni lake, apige mishono mitatu minne, akate uzi kwa meno, kisha amwambie, "Haya nenda, sasa umevaa." Alishona nguo za watu kwa miaka arobaini na moja. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na madereva wenzake walimpachika jina la Mzee Breki, kwa kuwa katika maisha yake yote ya barabarani hakuwahi kugonga hata kuku. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Hawakujaliwa kuzaa. Lakini dada mdogo wa Mama Pindo alipofariki, aliacha binti wa miaka tisa. Mtoto huyo aliletwa kwao na sanduku moja la nguo na rula ya mbao ya shule, ambayo hakuiachia hata kitandani. Alipima kila kitu: meza, mlango, unyayo wa Mzee Breki akiwa amesinzia kwenye kochi. Jina likawa Rula. Walimlea, wakamsomesha, na siku alipohitimu usanifu wa majengo Mzee Breki alivaa suti kwa mara ya kwanza tangu harusi yake, akalia mbele za watu bila kujifuta.

Ugonjwa wa Mzee ulianzia kwenye kidole gumba, kikawa kinatetemeka chenyewe kama kinahesabu kitu. Mwaka wa pili ilikuwa mikono yote miwili. Mwaka wa tatu miguu nayo ikaanza kuganda. Alikuwa anatembea vizuri kabisa, lakini akifika mlangoni miguu inagoma, imeng'ang'ania sakafu, na yeye kiwiliwili kinataka kuendelea na safari. Daktari hakuzungusha maneno. Aliwaambia kwamba ugonjwa huo hauna haraka, ila haurudi nyuma, na kwamba kama wanataka kuzeekea nyumbani kwao, nyumba iandaliwe mapema, siyo siku ya kuanguka.

"Mimi sitaki nyumba ya hospitali," Mzee Breki alisema walipofika nyumbani. "Mkinizungushia mabomba ya chuma kama zizi la ng'ombe, nahamia kwenye lori."

"Lori lenyewe uliliuza," Mama Pindo alimkumbusha.

"Nitalifuata huko huko liliko."

Rula, ambaye alikuwa amekuja kusikiliza majibu ya daktari, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha Mzee, akaishika ile mikono inayotetemeka. "Baba Mkubwa, niachie mimi. Nitawatengenezea nyumba ambayo mgeni akiingia hatajua kama kuna mtu anaumwa humu. Atauliza tu, nani kawafanyia kazi nzuri hivi."

Tatizo lilikuja kwenye kupima. Rula alisema hawezi kuchora kwa kukisia. Alihitaji kuona Mzee anavyonyanyuka kitandani, anavyogeuka chooni, mkono gani unatangulia kutafuta ukuta, na zaidi ya yote anavyooga. Hapo Mzee Breki akakataa katakata. Alikuwa mtu wa haya. Miaka arobaini ya ndoa alikuwa bado anafunga mlango akibadilisha shati.

"Ni mtoto wetu," Mama Pindo alimbembeleza.

"Mtoto wetu ni mwanamke mzima."

"Ni mtaalamu. Daktari ulimvulia, seuze huyu uliyembeba mgongoni? Mimi ndiye ninayemdhamini. Jambo lolote likiharibika, nilaumu mimi."

Mzee alipapasa kifungo cha juu cha shati lake. "Haya," alisema. "Kwa sababu umesema wewe."

Akavaa kaptura ya mazoezi, akaoga mbele ya Rula huku ameuelekeza uso ukutani. Rula aliandika vipimo kimya kimya. Alipomaliza alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya mbele, na Mama Pindo alipomfuata alimkuta machozi yanamtoka. "Sikujua kama amefikia hapa," alisema. Mama Pindo alimkumbatia. Wakati ule alijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote anaowajua.

Kazi ilichukua miezi saba, wao wakiwa wamejibana kwenye vyumba viwili vya nyuma, vumbi likiwafuata mpaka kwenye chai. Na nyumba ilipoanza kujitokeza, hata majirani waliokuwa wakilalamikia kelele walianza kupita makusudi kuchungulia. Ngazi za mbele ziliondolewa, na mahali pake ukaja mteremko mrefu wa mawe ya rangi ya mchanga, unaopinda taratibu katikati ya maua, na watu waliupanda wakidhani ni urembo wa bustani. Vizingiti vyote vilisawazishwa. Milango ilipanuliwa, ikawa ya kusukuma pembeni kwa kidole kimoja. Kwenye kila mlango Rula alipanga sakafuni mistari myembamba ya vigae vyeusi, na akaeleza kwamba mguu ulioganda ukiona mstari huwa unapata hamu ya kuuruka. Mzee Breki hakuamini. Siku ya kwanza alifika mlangoni, akaganda, akatazama chini, akauvuka mstari kama kijana anayevuka mfereji. Alirudi akauvuka tena. Alifanya hivyo mara sita, akicheka peke yake.

Jikoni hawakumsahau Mama Pindo na magoti yake. Sehemu moja ya meza ya kupikia ilishushwa ili aweze kukata mboga ameketi, makabati ya chini yakawa droo za kuvuta, na mabomba yakawa ya kuinua kwa kiwiko. Lakini chumba kilichowaacha watu midomo wazi kilikuwa bafu. Sakafu ilikuwa moja, haina tuta wala beseni la kuruka. Vigae vikubwa vya kijani iliyoiva, kila kimoja urefu wa mtoto. Benchi la mbao lililong'arishwa. Na kutoka kwenye benchi hilo mpaka karibu na mlango, ulipita mshikio mmoja wa shaba, mnene wa kujaza kiganja, umepinda kama shingo ya bata, haukuonyesha hata kichwa kimoja cha skrubu.

"Hii siyo ya hospitali," Mzee Breki alisema, akiupapasa.

"Siyo ya hospitali," Rula alikubali.

Fundi wa vigae alikuwa amesimama mlangoni wakati huo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mkimya, ambaye wenzake walimwita Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha kitu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kesho yake walikuja watu wa jarida la nyumba na mapambo, na kamera na taa zao. Mzee Breki aliitoa tena ile suti. Walimpiga picha mlangoni, walimpiga picha jikoni na mkewe, kisha wakamweka bafuni na suti yake, jambo lililomchekesha mpaka akatikisika mwili mzima. Mpiga picha akamwambia ashike mshikio. Rula akasogea haraka.

"Weka mkono tu, Baba Mkubwa. Usivute."

Mzee akaweka mkono tu. Picha ikatoka nzuri sana.

Baada ya jarida kutoka, simu ya Rula haikukauka. Kila aliyekuwa na mama mwenye magoti au baba mwenye fimbo alitaka nyumba kama ile. Akapanga ofisi mpya. Zile Jumapili zake za kuja kula kwao zikawa mara moja kwa mwezi, kisha zikawa ujumbe wa simu: niko saiti, Mama Mkubwa, nitawapitia wiki ijayo. Mama Pindo hakukasirika. Mtoto akifanikiwa anakuwa na kazi, na alijisifia kwa majirani kwamba binti yake hana hata muda wa kukohoa.

Kwa miezi minne bafu lilifanya kazi bila matata. Mara nyingi Mama Pindo mwenyewe ndiye aliyempa mumewe bega, na mshikio ukapata kazi ya kuguswa guswa tu. Lakini asubuhi moja, saa mbili hivi, alikuwa jikoni ameweka maji ya chai, Mzee akaita kutoka bafuni kwamba leo anajisikia mwepesi, asihangaike kuja. "Nanyanyuka mwenyewe!" alitangaza, kwa ile sauti yake ya kupiga honi.

Kilichofuata kilikuwa mlio wa kitu kinabanduka, na mshindo.

Mama Pindo alimkuta amelalia ubavu, mguu umegeuka vibaya, maji bado yanamwagika juu yake. Mkononi alikuwa ameshika mshikio mzima wa shaba. Hakuuachia hata alipobebwa. Ukutani palibaki madoa matatu ya gundi, ya manjano, na Mama Pindo aliyaona, lakini akili yake ilikuwa kwenye mguu wa mumewe. Tena yeye alijua nguo, hakujua ujenzi. Alidhani vitu vya siku hizi ndivyo vinavyoshikizwa.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Wakamfanyia upasuaji siku ile ile.

Rula alifika wodini kesho yake mchana, anahema, viatu vina udongo wa saiti. Mzee Breki alikuwa amekwisha kuzinduka, midomo imemkauka, lakini alipomwona alijaribu kujiinua.

"Mwanangu," alisema, "nisamehe. Nimekuharibia kazi yako."

Rula akasimama pale pale alipo.

"Ulinionya nisivute," Mzee aliendelea. "Mimi na mikono yangu hii ya lori. Nilivuta kama navuta breki ya mkono. Kitu kizuri namna ile, nimeking'oa."

Mama Pindo alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika kikombe cha maji. Alimwona Rula akiinama na kumbusu Mzee kwenye paji la uso.

"Usijali, Baba Mkubwa," Rula alisema. "Vitu vinatengenezwa."

Na Mama Pindo, siku ile, alimpenda zaidi kwa jibu hilo. Aliona ni upole.

Wiki tatu baadaye madaktari walisema Mzee anaweza kurudi nyumbani, lakini atarudi na kiti cha magurudumu, na huenda kikawa chake moja kwa moja. Mama Pindo akaanza kuandaa nyumba. Alimpigia Rula kuhusu mshikio, Rula akasema atatuma mtu. Siku zikapita, mtu hakuja. Mwishowe Mama Pindo akamtafuta fundi Taratibu mwenyewe.

Alikuja siku hiyo hiyo, kabla hata ya saa aliyoambiwa. Aliingia bafuni, akatazama yale madoa matatu, akavua kofia. Kisha akakaa kwenye benchi, mtu mzima yule, akajishika kichwa.

"Unaumwa?" Mama Pindo aliuliza.

"Mama, mimi nilimwambia."

"Ulimwambia nani, nini?"

Yakamtoka yote, kwa mwendo wake ule ule wa pole pole. Ukuta ule haukuwa tofali. Rula aliusogeza ili bafu liwe pana, na akaujenga kwa bodi nyembamba. Ukuta wa namna hiyo, ukitaka ubebe mtu, lazima kwanza utie mbao nene kwa ndani, ndipo ufunike, ndipo upige vigae, ndipo utoboe na kukaza kwa bolti. Mbao hizo hazikutiwa. Zilisahaulika kwenye mchoro. Taratibu alipogundua, vigae vilikuwa tayari ukutani. Alimwambia Rula inabidi wavibomoe, siku nne au tano za kazi. Na watu wa jarida walikuwa wanakuja kesho yake.

"Akasema nibandike kwa gundi," Taratibu alisema. "Akasema ni kwa ajili ya picha tu, tutarudi wiki ijayo tufungue ukuta. Akaniambia nisiwatie wazee wasiwasi. Nikampigia wiki iliyofuata. Nikampigia tena. Mara ya tatu akaniambia ana saiti tano, nisimfuatefuate, ule mshikio kwanza ni wa urembo, mzee anasaidiwa na mkewe."

Mama Pindo alikuwa amesimama.

"Alijua," alisema.

"Alijua, mama."

"Na pale hospitali, mume wangu anamwomba msamaha, alijua."

Taratibu hakuwa na habari za hospitali.

"Na wewe ulijua," Mama Pindo akamgeukia. "Ulikuwa unakunywa chai yangu. Ungepita siku moja tu ukasema, mama, hicho kitu msikiguse. Maneno manne. Ulishindwa?"

"Nilishindwa," Taratibu alisema. "Yeye ndiye anayenipa kazi. Sina la kujitetea."

Alipoondoka, Mama Pindo alibaki amesimama katikati ya vile vigae vizuri. Neno lililomrudia siyo gundi wala bodi. Ni lile "usijali." Alisikia namna lilivyotamkwa, laini, bila kukwama, kama mtu anayemsamehe mwenzake. Alimlea mtoto yule. Alijua alivyokuwa akidanganya akiwa na miaka kumi, anashika sikio, anatazama pembeni. Pale wodini hakushika sikio. Alimtazama mgonjwa machoni.

Kesho yake asubuhi alivaa gauni lake la kutokea, akaenda ofisini kwa Rula bila kumwarifu.

Ilikuwa ofisi ya ghorofa ya kwanza, ina vioo na mimea kwenye vyungu vyeupe. Ukutani, kubwa kama shuka la kitanda, palikuwa na picha ya bafu lake. Mzee Breki na suti yake, anacheka, mkono juu ya mshikio wa shaba. Chini yake wamekaa mwanamume na mwanamke wa umri wa Mama Pindo, wateja, mwanamke na fimbo yake amei­laza mapajani. Rula alikuwa anawafunulia michoro. Alipoinua macho na kumwona Mama Mkubwa wake mlangoni, uso ulimcheza kidogo, kisha ukatulia.

"Jamani, mna bahati leo!" alisema, akija kumshika mkono. "Huyu ndiye mwenye nyumba yenyewe. Ndiye mama aliyenilea."

Wale wateja walifurahi kweli. Walimpisha kiti. Yule mwanamke mwenye fimbo akamsogelea, kama wanawake wazee wanavyosogeleana wanapotaka kuulizana mambo ya mwili.

"Dada, nimeitazama hiyo picha mpaka nimechoka," alisema. "Mimi ninachoogopa ni bafuni tu. Hebu niambie ukweli. Hicho cha kushikia, kizuri hivyo, kinashika kweli?"

Mama Pindo alimgeukia Rula. Baadaye alisema kwamba wakati ule hakuwa amekuja kumwaibisha mtu, na kwamba kama mtoto angeinama, angesema hata "tulikosea kidogo pale," yeye angeinuka wakaenda kuzungumza wawili, mlango umefungwa.

"Mjibu wewe, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye fundi. Kinashika?"

Rula alimtazama Mama Mkubwa wake. Macho yake yalikuwa yanaomba kitu.

"Kinashika vizuri sana," Rula alisema.

Mama Pindo akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyepata jibu la daktari.

"Dada," alimwambia yule mwanamke, "mume wangu yuko hospitali wiki ya nne. Kilibanduka ukutani kikiwa mkononi mwake. Kilikuwa kimegandishwa kwa gundi ili wapige hiyo picha. Nyumba yangu ni nzuri. Milango ni mizuri, jiko ni zuri, mume wangu alikuwa anavuka mlango akicheka. Siwezi kusema uongo kwa hayo. Lakini nyonga yake imevunjika, na huyu alijua kwamba itavunjika."

Yule mwanamume alifunga michoro iliyokuwa mbele yake, taratibu, akamsaidia mkewe kusimama. Hawakugomba. Walisema tu kwamba watafikiria, wakatoka, na fimbo ya mwanamke ikasikika kwenye ngazi kwa muda mrefu.

"Umenifanyia nini, Mama Mkubwa?" Rula aliuliza.

"Nimejibu swali."

"Ungenipigia simu. Ungenifuata nyumbani. Mbele ya wateja? Mimi ni mwanao!"

"Mwanangu angekuja kuniambia yule mzee asioge peke yake."

Rula alianza kulia. Alisema mengi, na mengi yalikuwa kweli. Kwamba ile ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye jina lake peke yake. Kwamba kusahau zile mbao kulimnyima usingizi. Kwamba kila wiki alisema wiki ijayo, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo ilivyokuwa aibu zaidi kurudi na nyundo. Kwamba Baba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyekataa chuma cha kawaida, na kama wangefunga cha kawaida, chenye skrubu, pengine wangezikumbuka zile mbao.

"Usimtie humo," Mama Pindo alimkata. "Ulikuwa umesimama kando ya kitanda chake, anakuomba radhi. Mtu aliyekata nyama akaipika kila Jumapili akakuwekea wewe kwanza. Anakuomba radhi kwa mguu wake mwenyewe uliouvunja. Ukampokea. Ukamwambia usijali."

"Niliogopa."

"Hukuogopa. Ulipata nafuu. Nilikuona."

Rula akafunika uso kwa viganja.

"Sitaki ukuta wako wala watu wako," Mama Pindo alisema, akijiinua kwa kushika meza. "Nataka kitu kimoja. Mzee anarudi nyumbani Ijumaa. Jumapili uje, umwambie kwa mdomo wako. Anadhani ni mikono yake. Hali chakula vizuri, anaitazama mikono yake kama anatazama mwizi. Njoo umwondolee hilo."

"Nitakuja," Rula alisema.

Mzee Breki alirudi Ijumaa. Kiti chake cha magurudumu kilipanda ule mteremko wa mawe bila shida, kikapita milango yote bila kugusa upande wowote, kikageuka jikoni duara zima, na muuguzi aliyewasindikiza akasema hajapata kuona nyumba iliyomfaa mgonjwa namna hiyo. Aliuliza nani kawafanyia. Mama Pindo alikwenda chumbani, akakaa kitandani. Kama nyumba yote ingekuwa mbovu angejua la kufanya nayo.

Jumapili aliandaa sahani tatu. Walingoja hadi chakula kikapoa. Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha la mbele, na kila gari likipunguza mwendo alinyoosha shingo. Saa tisa ujumbe ukaingia kwenye simu: Mama Mkubwa nimeshindwa, nisamehe, wiki ijayo.

Mama Pindo akausoma, akaiweka simu ndani ya droo. Kisha akavuta kiti akakaa mbele ya mumewe, magoti kwa magoti, akamweleza mwenyewe. Bodi, mbao zilizosahaulika, gundi, picha, simu tatu za fundi. Hakumficha kitu. Alipomaliza akaongeza lile lililokuwa limemkaa kooni tangu siku ya Taratibu. "Mimi ndiye niliyekwambia umvulie nguo. Nilisema nilaumu mimi. Basi nilaumu."

Mikono ya Mzee Breki ilikuwa ikiruka ruka mapajani. Akaiinua, akaitazama nyuma na mbele.

"Kwa hiyo siyo mikono yangu," alisema.

"Siyo mikono yako."

"Nilikuwa nimevuta kawaida tu. Nilijua nimevuta kawaida." Halafu sauti ikamkatika, akalia, na kwa kuwa hakuweza kuifikisha mikono usoni bila kutetemeka, Mama Pindo ndiye aliyemfuta.

Taratibu alikuja Jumanne bila kuitwa. Alibomoa vile vigae vya kijani, akatia mbao nene ndani ya ukuta, akafunga vyuma viwili vya kawaida, vyeupe, vya skrubu nane kila kimoja, na kabla ya kuondoka akaning'inia kwenye kila kimoja kwa uzito wake wote huku Mama Pindo anamtazama. Hakuna vigae vya rangi ile vilivyopatikana tena, kwa hiyo upande mmoja wa bafu ukawa mweupe. Mzee hakusema lolote kuhusu zizi la ng'ombe. Mama Pindo alimshukuru Taratibu, lakini chai hakumpa.

Rula alikuja mwezi wa tatu tangu Mzee arudi nyumbani, siku ya kazi, mchana, akiwa amekonda. Alipiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu akasema yote kwa mdomo wake, akikwama, akianza upya. Mzee Breki alimwekea mkono kichwani kabla hata hajamaliza. Alisema ameshasikia, basi, yamekwisha, ainuke, sakafu ni ngumu. Ndivyo alivyokuwa. Alimuuliza kama anakula.

Mama Pindo alikuwa jikoni, ameketi kwenye ile sehemu iliyoshushwa, anakata vitunguu. Rula akamfuata, akasimama upande wa pili wa meza.

"Baba Mkubwa amenisamehe," alisema.

"Nimesikia."

"Na wewe?"

Mama Pindo aliendelea kukata. Kisu kilikwenda sawa, vipande vya ukubwa mmoja. "Yeye umemvunja nyonga," alisema. "Nyonga ina daktari."

"Mama Mkubwa, niambie nifanye nini. Chochote."

"Sijui. Nikijua nitakupigia."

Rula aliosha vikombe viwili vilivyokuwa kwenye sinki, akavipangusa, akavirudisha kwenye droo yake ile ile aliyoichora mwenyewe, akatoka. Mama Pindo alimsikia akiagana na Mzee, na Mzee akimwambia aje tena. Akasukuma vitunguu kwenye sufuria, akawasha jiko.